Baba Masika Si Mtu wa Bungoma

Kitengela tuna misimu miwili: vumbi na tope. Vumbi likianza, unafuta meza asubuhi, ukirudi jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Tope likianza, ule udongo mweusi wa huku unakuvua kiatu mchana kweupe mbele za watu, na jirani mwenye gambuti anakupita akikupa pole ambayo haitoki moyoni. Kati ya vumbi na tope hakuna kingine. Hakuna matlai, hakuna demani, hakuna upepo wowote uliowahi kumleta mtu kutoka Maskati. Upepo wetu unatuletea vumbi la Athi River, ukigeuka unawapelekea wenzetu la kwetu.

Mama yangu haya hayakubali. Yuko Mombasa, na kwake yeye mwaka ni upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Halafu masika, mvua kubwa. Halafu kusi, lililokuwa likiyarudisha majahazi makwao, na ndani yake kipupwe, baridi ya Juni na Julai. Halafu demani bahari ikitulia, halafu vuli, kisha kaskazi tena. Ukimuuliza fulani alizaliwa lini, hakutajii tarehe, anakwambia kusi lilikuwa limeshakaza. Karani wa vitambulisho hana kisanduku cha kusi lililokaza, ndiyo maana wazee wengi wa kwetu wameandikiwa mwaka mtupu, au wote kwa pamoja wamezaliwa tarehe mosi Januari.

Sasa, binti yangu wa kwanza alizaliwa Aprili 2018, nikapiga simu Mombasa. Bibi wa kawaida angeuliza: wa kike au wa kiume? Mamake hajambo? Mama yangu alijibu salamu, akauliza, "Mvua yanyesha huko?"

Nikamwambia, mvua gani tena, Bi Mkubwa, huku tunaogelea. Haikuwa chumvi. Mwaka ule ilinyesha Kenya nzima mpaka Mei, bwawa likapasuka kule Solai, Nakuru, likaua watu zaidi ya 40. Hapa kwetu bodaboda zilikataa kuvuka barabara ya ploti, tukawa tunabebana migongoni.

"Basi huyo ni Masika," akasema, na simu ikakatika. Hata hakuwa amejua kama ni wa kike.

Kwa wale wasiotoka pwani nieleze kidogo. Kwetu jina la mtoto lilikuwa ndiyo kalenda ya nyumba. Mimi ni Khamisi kwa sababu nilizaliwa Alhamisi, dada yangu ni Mwanajuma kwa sababu alisubiri mpaka Ijumaa. Ukizaliwa mwezi wa Rajabu unaitwa Rajabu, sikukuu ikikukuta unaitwa Iddi au Mwanaidi, maulidi yakikukuta unaitwa Maulidi. Babu yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa mwezi wa hija akaitwa Haji tangu siku ya kwanza. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka Voi, na maisha yake yote watu wa bara walimuuliza Makka kukoje. Wanaozaliwa mvua ikimwagika ni Masika, au Mwanamvua. Na wapo kina Mwaka, waliozaliwa kwenye mwaka mpya wa zamani, Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi, Unguja, wanausherehekea mpaka leo kila Julai kwa kuchapana migomba. Ni utaratibu mzuri, ila nashangaa hakuna aliyemwita mwanawe Kipupwe. Kwa baridi ya Kitengela ya Julai lingemkaa vizuri sana.

Utaratibu huu una sharti moja ambalo mama hakulifikiria: lazima uishi na watu wanaojua masika ni nini.

Hatukumaliza hata arubaini. Mzee wa ghorofa ya pili, mtu wa Kimilili, alikutana nami kwenye ngazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mulembe, Baba Masika!" Nami kwa adabu nikajibu mulembe. Adabu hiyo imenigharimu. Siku ya pili nilikuwa ndani ya kundi la WhatsApp la watu wa Bungoma wanaoishi Kitengela. Nimeshachangia mazishi ya Kimilili, ya Webuye, ya Chwele. Nimezika watu ambao sijawahi kuwaona wakiwa hai, katika kaunti ambayo sijawahi kuikanyaga. Nikijaribu kujiondoa kwenye kundi, mweka hazina ananirudisha na kuniandikia, "Pole ndugu, mtandao umekutoa."

Kisha ikaja 2022, Moses Masika Wetang'ula akachaguliwa Spika wa Bunge la Taifa. Heshima yangu ikapanda siku hiyo hiyo. Askari wa lango, aliyekuwa akiniacha nishuke kwenye gari nifungue mwenyewe, sasa anafungua kabla sijapiga honi. Kijana mmoja wa ploti alinijia na bahasha ya vyeti vyake nimpelekee "mzee." Nikamwambia sina mzee, mimi ni wa Mombasa. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa huku anaona taa zinawaka.

Nilikwenda kwa yule jirani wa Kimilili tumalize jambo hili kiungwana. Nikamweleza kwamba kwetu Masika ni mvua, ni msimu. Akanitazama kwa huruma. Kwao, akasema, jina hilo lina machozi ndani yake, hupewa mtoto aliyezaliwa msiba ukiwa bado nyumbani. Mvua ni Wafula, na akiwa wa kike ni Nafula. "Ungemwita Nafula," akasema, "ingekuwa wazi." Wazi kwa nani? Binamu yangu anayeendesha lori la masafa naye hakunisaidia. Anasema ukifika Beni na Butembo, kwa Wanande, kina Masika wamejaa kila mtaa, na huko jina halina mvua wala machozi, linatolewa kwa mtoto wa kike kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo binti yangu ana mvua Mombasa, machozi Bungoma, na foleni Kongo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ploti yetu imejaa watu waliozaliwa mvua ikinyesha na hakuna anayewauliza kitu. Chini yupo Wambua, na mwenye duka ni Mumbua, wote Wakamba, wote mvua. Mkabala nasi kuna Akoth, mvua ya Wajaluo. Mwalimu wa chekechea ni Cherop, mvua ya Wakalenjin. Nyumba ya mwisho kuna Simiyu, na huyo ni kiangazi, angalau kuna mmoja wa kutuanikia nguo. Jina lolote kati ya hayo likitajwa, mtu anajua kwao. Likitajwa la kwetu, wanakupangia kwenu.

Shuleni ndiko tulikoaibika. Iliandaliwa siku ya utamaduni, kila mtoto aje na chakula cha jamii yake. Mwalimu alikuwa ameshampanga Masika kwenye meza ya kuku na ugali wa wimbi. Mke wangu alikesha akikanda mahamri na kuchemsha mbaazi za nazi, nazi yenyewe imetoka Mombasa kwa basi kwa sababu za soko la Noonkopir anasema zina umri wake. Mtoto akaweka sufuria lake katikati ya kuku. Mwalimu akaonja, akaonja tena, akawaambia wazazi wengine kwamba Waluhya wa siku hizi wamebadilika sana mapishi.

Lakini hayo ni ya kucheka. Kuna la 2024 ambalo sikucheka. Ulikuwa mwisho wa Aprili, mafuriko yamezagaa, Athi River imefurika, Kitengela nyumba zimeingiwa na maji, Mai Mahiu watu wamesombwa usiku wakiwa usingizini. Redio ikawa haina habari nyingine asubuhi hadi jioni: masika yameua, masika yamebomoa, masika yameacha maelfu bila makao. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alikuja jikoni akiwa na sare ya shule ambayo haikuwa na kazi, shule zilikuwa hazijafunguliwa kwa ajili ya hayo hayo maji, akaniuliza, "Baba, mimi nimefanya nini?" Nilizima redio. Nikampigia mama nimlaumu. Akasema nimpe mtoto azungumze naye. Walizungumza muda mrefu mpaka salio likaisha, na mtoto akarudi akisema bibi amemwambia yule wa redioni ni Masika mwingine.

Sasa nifike kwa Ustadh. Tumwite Ustadh Shaabani, na jina la baba yake nimelificha kwa heshima ya msikiti. Ustadh tangu siku ya akika ana neno moja: Masika si jina la Kiislamu. Mbadilishe awe Maimuna, au Mariam. Kila akiniona kwenye viatu baada ya swala ya Ijumaa ananikumbusha. Mimi si mtu wa kubishana na mwalimu, lakini viatu vyenyewe vinachelewa kupatikana, na ukikaa hapo muda mrefu unajikuta unajibu.

Nilimwambia, Ustadh, dini inataka jina lenye maana nzuri. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta mwanamke ambaye jina lake lilikuwa na maana ya muasi, akambadilisha akamwita Jamila. (Kina Asiya wa mtaani tulieni, lenu ni la mke wa Firauni, ni neno jingine.) Sasa mvua imeasi nini? Wewe mwenyewe, Ustadh, ulitupeleka uwanjani 2022 kuswali swala ya kuomba mvua, tukageuza na nguo zetu kama ilivyo sunna, ukalia mpaka ndevu zikalowa. Unamwomba Mwenyezi Mungu masika, na Masika akipita mbele yako na mkoba wa madrasa unamkataa?

Akasema hilo ni jambo jingine.

Nikaona nisogee karibu zaidi. Miezi ya Kiislamu yenyewe, nikamwambia, Waarabu waliipa majina kutokana na hali ya hewa na maisha yao. Rabii ni majira ya machipuko. Ramadhani imetokana na ukali wa joto. Na Shaabani, wanazuoni wengine wamesema, ni mwezi ambao watu walikuwa wakitawanyika kwenda kutafuta maji. Yaani wewe Ustadh jina lako ni jina la mtu wa Kitengela akilisikia boza la maji limeingia mtaa wa pili. Watu waliokuwa wakifunga viatu waliinama chini zaidi. Ustadh akavaa vyake akaondoka, na juma lililofuata hotuba ilikuwa juu ya ulimi.

Ili tupatane, mtoto wa pili nilimpa jina alilolitaka. Kijana alizaliwa Aprili 2022, mwezi wa Ramadhani, akaitwa Ramadhani, Ustadh akafurahi mpaka akaniletea tende. Mama ndiye aliyepata tabu. Nilipiga simu, akauliza swali lake: "Mvua yanyesha huko?" Nikamwambia hapana, mama, ni vumbi. Akanyamaza. "Si Aprili hii?" Ni Aprili. "Si masika?" Ni masika, mama, ila masika yenyewe hayajaja. Kwa upepo wake wote na mwezi wake wote, hakuwa na jina la mtoto aliyezaliwa katika msimu ambao haukutokea.

Mnakumbuka mwaka ule. Mvua ilianza kukosekana vuli ya 2020 na misimu mitano ikapita hivyo hivyo mfululizo. Ng'ombe wa Kajiado walikufa kando ya barabara ya Namanga, waliobaki wakaletwa kula ua wa watu huku mjini. Akika yangu ndiyo ilinionyesha vizuri. Ya Masika, 2018, nilinunua mbuzi mmoja kama ilivyo kwa mtoto wa kike, soko la Bissil, mbuzi mnene wa majani mabichi, nikamwaga pesa nikalalamika mwezi mzima. Ya Ramadhani walitakiwa wawili. Nikawapata kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Tulipowachinja na kuwaweka pamoja hawakufika nusu ya yule wa Masika, futari ikawa mchuzi na mifupa, na Ustadh akala kidogo akasema Ramadhani ni mwezi wa kujinyima.

Mzee wa Kimaasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa Kisaju aliniuliza siku moja watoto wangu wanaitwaje. Nikamwambia wa kwanza ni mvua. Akatikisa kichwa, amekubali. Na huyu wa ule mwaka wa ng'ombe, mwaka wa *olameyu*, mlimwitaje? Ramadhani, nikamwambia, mwezi wa kufunga. Akafikiri, akapima maziwa, akasema, "Hiyo pia ni njaa. Ni sawa." Ni mtu pekee Kitengela ambaye ameyaelewa majina ya nyumba yangu bila kunitoza mchango.

Nikamsimulia mama, akacheka, akauliza huyo mzee ni wa ukoo gani.

Halafu kuna jambo ambalo Ustadh hajalijibu mpaka leo. Watoto wangu wote wawili ni wa Aprili. Masika jina lake liko Aprili na litabaki Aprili, mvua ije isije. Ramadhani jina lake linahama. Mwaka wa mwezi una siku 354, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kijana wangu atasubiri mpaka mwaka 2054, akiwa na miaka 32 na pengine mvi za mapema za ukoo wetu, ndipo mwezi wake urudi ulipomwacha. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, na ninajua nitaombwa nguo za sikukuu kwa hesabu ipi. Kwa hiyo mmoja jina lake lina mahali pake ila huna hakika kama litafika, mwingine jina lake halikosi kufika ila hujui litakukuta umevaa sweta au unatoka jasho. Nani kati yao ana jina la msimu? Nimemuuliza Ustadh pale pale kwenye viatu. Siku hizi anatokea mlango wa pili.

Na wenyeji msinicheke, kwa sababu hata mji mkuu wa kaunti yenu umepewa jina kwa mtindo wa mama yangu. Kajiado ni *Olkejuado*, mto mrefu. Nendeni Agosti mkautafute. Mtakuta mchanga, mbuzi, na kijana anayejaza lori mchanga huo huo uje kunijengea mimi ukuta Kitengela. Aliyeupa mji jina hilo alipita wakati wa mvua, akauliza kama mama: inanyesha? Ikawa inanyesha. Na hakuna Ustadh aliyetaka libadilishwe.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaona yote haya ni ushamba. Yeye mtoto wake alimtafutia jina kwenye simu, jina lenye Z mbili na Y katikati, maana yake eti ni nuru ya alfajiri katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua. Mama yangu hulitamka kwa kupiga chafya. Mtoto mwenyewe alizaliwa alasiri. Ukimuuliza shemeji, mwanao alizaliwa mvua au kiangazi, anaangalia cheti. Ukiniuliza mimi wa kwangu, najua mpaka bei ya mbuzi.

Masika habadilishwi. Nimeshamwambia Ustadh, nimeshamwambia mweka hazina wa kundi la Bungoma, ambaye alinijibu kwa namba ya kulipia mchango mwingine.

Tatizo lililobaki ni moja. Mke wangu ana mimba, na daktari ametupa tarehe ya katikati ya Novemba, vuli ikiwa imekolea, kama itakuja. Mama ameshapiga simu kuuliza kama mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ngong. Shemeji ametuma orodha. Mzee wa Kimilili anapendekeza Wafula, ili familia ikamilike. Wasomaji mnaojua jina zuri la mtoto wa vuli, leteni, nitalifikiria. Lisiwe na Z, lisiwe la Spika yeyote, na tafadhali liwe limeshaulizwa maana yake Bungoma.